Kitabu Ambacho Bibi Alikataza Kimalizwe

Umeme ulikuwa umekatika tena hapa Kadutu, na mimi nilikuwa nimekaa sebuleni na kikombe changu cha chai, nikisikiliza mvua ikipiga mabati. Katika chumba cha pili, mjukuu wangu mkubwa, yule binti anayesoma chuo kikuu, alikuwa anawasomea wadogo zake kabla ya kulala. Anamulika kitabu kwa simu, anasoma Kifaransa kimoyomoyo, kisha anawasimulia kwa Kiswahili. Sikuwa namfuatilia. Mara nikamsikia anasema, "Sasa ule mutu mwenye kubeba moto mu chungu akafika ku daraja."

Chai ilinimwagikia magotini, wala sikusikia kuungua. Mtu huyo nilimjua. Nilimjua tangu nikiwa na meno ya utoto, na kwa miaka yangu yote niliamini kwamba mimi ndiye niliyemuua, yeye na mwingine pamoja naye.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, tangu mwanzo.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa ya mbao, juu kwenye mteremko, mahali ambapo udongo mwekundu ulikuwa unakuvua viatu mvua ikinyesha. Kutoka mlangoni tuliona kipande cha ziwa. Jioni ilinuka moshi wa makaa na sambaza, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa kwa mawese. Bibi, mama wa baba yangu, ndiye aliyetawala nyumba hiyo. Mama alituzaa akachoka mapema, Mungu amrehemu. Baba alikuwa amekwenda Shabunda kuchimba dhahabu, na neno alilotuachia lilikuwa fupi: atarudi kabla maharage hayajakomaa.

Tonton, mdogo wake baba, alikuwa anapika jikoni kwa mapadri. Siku moja walitupa vitabu vilivyoliwa na panya, naye akaokota kimoja kinene, hakina jalada mbele wala nyuma. Akakivika karatasi ya mfuko wa saruji. Tangu siku hiyo, baada ya bugali na sombe, yale majani ya muhogo, tulijipanga kitandani, mimi na dada zangu, naye akavuta taa ya mafuta karibu na kuanza.

Ilikuwa hadithi ya ufalme ulioganda. Moto wote ulikuwa umezimika, na mtu mmoja alitumwa kuvuka milima kuleta makaa ndani ya chungu, huku joka lenye mabawa likimwinda ili limzimie moto wake. Tonton alitafsiri papo hapo, na pale Kifaransa kilipomshinda alijisaidia mwenyewe. Theluji hatukuijua, akatuambia ni mvua ya mawe iliyosahau kuwa na haraka. Mchawi mwema wa mfalme alileta matata, kwa sababu bibi alikuwa anachambua maharage pembeni.

"Mu nyumba yangu hakuna mufumu!" akasema.

"Basi ni padri muzee, mama," tonton akajibu bila kuinua macho, na tangu hapo padri mzee akawa anapiga joka kwa fimbo ya radi. Bibi akaridhika.

Lakini bibi alikuwa na sheria nyingine, na hiyo haikuwa na mlango wa nyuma. Kwa watu wake, hadithi haikusimuliwa mchana. Na zaidi ya hapo, haikumalizwa wakati mtu wa nyumba yuko safarini. Uliacha kipande, kama unavyoacha kuni moja jikoni kwa ajili ya anayechelewa. "Ukiimaliza, umemufungia mulango," alisema.

Kwa hiyo tonton alipokaribia mwisho alianza kurudi nyuma. Mbeba moto alisahau fimbo, akairudia. Mbeba moto alipotea bondeni, akalala kwa mjane mmoja ambaye nina hakika hakuwemo kitabuni, maana alikuwa anapika ndizi kama za kwetu. Sisi tulipiga kelele.

"Tonton, umalize basi! Hata kidogo tu!"

"Amalize, alafu baba yenu alale wapi?" bibi akatujibu, nasi tukanyamaza.

Mimi sikunyamaza moyoni. Shuleni nilikuwa wa kwanza katika Kifaransa, na mwalimu alikuwa amenisifu hadi kichwa kikavimba. Niliona ni ujinga kwamba mtu anayejua kusoma angojee ruhusa ya bibi asiyejua. Mchana mmoja bibi alikwenda sokoni, tonton yuko kazini. Kwa jirani walikuwa wanatwanga sombe, nasikia kinu hadi leo. Nilimaliza viazi vyangu vya mawese, nikapanda kitandani, nikashusha kitabu kutoka kwenye boriti, nikafungua mwisho.

Daraja lilikatika. Mbeba moto alianguka mtoni pamoja na chungu chake, na ng'ambo walinzi wakafunga lango la ngome. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe. Niligeuza, hakuna kitu. Nilikaa pale mdomo wazi, mchana kweupe, nikitamani kurudisha macho yangu.

Maharage yalikuwa yameanza kukauka shambani wanaume wawili walipofika kutoka Shabunda, miguu imevimba. Walikataa kukaa. Mtumbwi ulikuwa umepinduka mtoni, wakasema. Baba alionekana mara moja, kisha hakuonekana tena. Mwili haukupatikana.

Baada ya maombolezo bibi alikishusha kitabu. Hakujua herufi hata moja, lakini alijua mafuta. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na alama ya kidole gumba, nyekundu ya mawese. Akauinua mbele yetu sote.

"Nani alifika huku?"

Tonton aliitazama ile alama, ndogo kiasi kile, kisha akanitazama mimi. Nilitazama miguu yangu.

"Ni mimi, mama," akasema.

Bibi hakupiga kelele. Alikitia kitabu motoni kipande kwa kipande, na tangu siku hiyo hakupokea sahani kutoka mkononi mwa mtoto wake. Tonton alivumilia kidogo, kisha akahamia Nyangezi, akalima huko. Nilimtembelea nikiwa kijana, nikiwa baba, nikiwa na mvi. Kila mara alinichinjia kuku, na kila mara nilijiambia nitasema baada ya chakula. Tulimzika kabla sijasema. Huo si ujinga wa mtoto, huo ni wangu mimi mtu mzima.

Sasa unaelewa kwa nini nilisimama mlangoni mwa wajukuu nikiwa na suruali iliyolowa chai. Mjukuu alikuwa amefika pale pale: daraja, mto, lango. Akafunga kitabu. Watoto wakaguna. Halafu akaingiza mkono chini ya mto wa kulalia akatoa kitabu kingine.

"Hiyo ni nini?" nikauliza. Sauti yangu ilinishtua mimi mwenyewe.

"Ni tome ya pili, Koko, kitabu ya kufuata. Biko bitatu. Nilibinunua ku barabara, kwa benye kuuza bitabu bya zamani." Koko ni mimi, babu yao.

"Ya pili ya nini?"

"Ya hii hii hadithi. Koko, uko muzima?"

Akanikalisha kitandani, akasoma. Mbeba moto alitoka majini akitambaa. Chungu kilikuwa kimezibwa kwa udongo, na ndani, chini ya majivu, kaa moja lilikuwa bado jekundu.

Rafiki yangu, nililia mbele ya watoto. Hadithi haikuwa imeisha. Nilichosoma mchana ule kilikuwa katikati ya safari, na sikumfungia mtu mlango. Bibi alikufa bila kujua, tonton alibeba kosa ambalo hata halikuwepo, na mimi niliyekuwa wa kwanza katika Kifaransa sikujua kwamba kitabu kinaweza kuwa na ndugu.

Siku hizi ile sheria haipo tena. Mtu akiwa safarini anapiga simu: nimefika Idjwi, nimepanda boti, wekeni chakula. Hakuna anayemwachia kuni jikoni, na jiko lenyewe mara nyingi ni baridi. Sambaza wamekuwa wa wenye fedha. Nyumba ya mbao ilikwenda na udongo.

Wiki iliyopita walifika ukingoni mwa kitabu cha tatu. Watoto walikuwa wanarukaruka kitandani. Mjukuu akanigeukia. "Koko, nimalize?"

"Acha ukurasa moja."

"Juu ya nini? Batu bote bako hapa, hata papa yetu amefika."

"Baba yangu bado iko mu njia," nikasema.

Wakaacha kurukaruka. Mdogo kabisa alinitazama, kutoka mvi hadi miguu, macho yamemtoka.

"Koko naye ana baba?"

 Dada yake mkubwa alifunga kitabu polepole, akanyoosha mkono, akakiweka juu ya kabati.