Shikamoo ya Kaka Yangu

Leo kaka yangu amejifunza kuamkia watu wazima, tumbo likiwa limejaa maji ya chumvi.

Asubuhi pale ufuoni Shelly Beach, Likoni, Mzee Bakari, nahodha wa boti ya waokoaji, alimwonya: "Mwanangu, leo usitoke. Mawimbi yanavunjika vibaya pale mwambani."

Kaka hakumwamkia hata. "Mimi mzaliwa wa Likoni, bwana," akamjibu, akasukuma kitumbwi cha plastiki alichokodi.

(Wazaliwa wa Likoni tuko wengi. Kuogelea ni jambo jingine.)

Wimbi la pili likampindua.

Mama akaanza kusoma dua kwa sauti. Mzee Bakari na wenzake wakaingia na boti yao ndogo katikati ya povu lile, huku ufuo mzima ukionyesha ushujaa wa kushika simu. Mara boti ikasimama wima juu ya wimbi, nikadhani tumewapoteza wote.

Walipomfikia kaka, wallahi, waokoaji wanasema hakuomba msaada kwanza. Alisema: "Shikamoo, Mzee Bakari."

"Marahaba, mwanangu," mzee akaitika taratibu. "Haya, lete mkono."

Sasa yuko sebuleni, anawahadithia majirani jinsi alivyowasaidia waokoaji kushika boti isipinduke. Angeandika na humu, ila simu yake imezikwa kwenye mchele.

Mkimaliza kucheka, muwekeeni Mzee Bakari shikamoo hapa chini. Kaka atazisoma simu ikikauka.