Benchi Iliyomwaga Watu Kikopey

Heri niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: benchi iliyowamwaga wateja watatu pamoja na nyama yao pale Kikopey niliitengeneza mimi, na siku hiyo nilikuwa nimevaa shati la kanisani ili nionekane.

Mimi si mtu wa maneno mengi. Nilimaliza darasa la nane nikaenda Gilgil kwa Fundi Njeri, anayetengeneza vitu vya faiba: unalaza kitambaa cha nyuzi, unapaka gundi, unalaza kingine juu, mpaka vyote vikauke viwe ubao mmoja mgumu. Mwenye bucha moja ya nyama choma pale Kikopey alitaka benchi isiyo na miguu, iliyofungwa ukutani kwa ncha moja tu, nyingine ikielea hewani, ili mifupa ifagiliwe bila kusumbua mtu. Fundi akaniachia kazi hiyo, ya kwanza kuwa yangu peke yangu. "Hii ikikubali, zile zingine tano alizoagiza ni zako."

Kitambaa kilichobaki kilikuwa kimekatwa mshazari, nami (hapo ndipo nilipojichimbia shimo) nikalaza matabaka yote nane yakielekea mshazari uleule, kwa sababu yalipendeza, kama nyasi zilizolazwa na upepo. Nikaweka jiwe kwenye ncha ya benchi iliyo hewani, nikapima kwa rula, ikapinda kidogo tu, nikaandika daftarini "SAWA". Sikuangalia kama kingo zote mbili zimeshuka pamoja.

Jumamosi mchana, benchi imeshafungwa na bucha imejaa, akaketi dereva mmoja wa lori, mnene, na wenzake wawili. Benchi ikainama kidogo, nikatabasamu, kisha ukingo wa mbele ukaendelea kushuka peke yake, wa nyuma ukabaki juu, watu wakaanza kuteleza polepole wakiwa bado wanatafuna, wakasukuma meza, na mbuzi, ugali na kachumbari vikawafuata chini.

"Boss, hii ni benchi ama ni tipa ya kumwaga mchanga?" dereva akauliza kutoka sakafuni, nyanya begani.

"Mzigo umeshuka salama!" mtu akajibu kutoka jikoni, bucha nzima ikacheka.

"Nani ametengeneza hii kitu?" mwenye bucha akauliza.

"Ni mimi," nikasema (ilibidi nirudie mara mbili ndiyo nisikike).

Fundi hakunifokea, na hilo liliuma zaidi. Alisema tu, "Tafuta kwa nini. Zile tano zinangoja."

Wiki nzima nilitengeneza vipande vya urefu wa mkono, nikavifunga ukutani, nikaning'iniza chupa ya maji kwenye ncha ya nje ya kila kimoja na kulaza kijiti kukingama juu ya ncha hiyo nione kinaegemea wapi. Vya mshazari mmoja vilipinda na kujisokota, kila mara upande uleule. Basi nikapishanisha: tabaka moja mshazari wa kulia, lingine wa kushoto, hili likitaka kujisokota huku, lile linalivuta kule, na kijiti kikatulia. Nilimweleza Fundi kwa maneno mengi kuliko niliyowahi kusema kwa siku moja. Akanisukumia daftari lake. "Andika hapa. Hata mimi nitasoma."

Tuliporudi Kikopey na benchi mpya, dereva yuleyule alikataa kukaa mpaka mimi, Fundi na mwenye bucha tukae kwanza. Kisha akajibana kando yangu. Benchi ikapinda kidogo, ikakaa hapo.

"Tipa imekataa kumwaga," akasema, akanisogezea ubavu wa mbuzi.

Zile tano nilizifunga mwenyewe. Lakini siandiki tena "SAWA" kabla ya kuangalia kingo zote mbili, na shati la kanisani linabaki la kanisani.