Kambi na Stesheni Katika Nukta Moja

Mashine ya hesabu ofisini kwetu Kolwezi ilikuwa na tumbo dogo. Mtandao mzima wa umeme wa migodi haukuingia, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuupunguza: vituo kadhaa vidogo vya umeme nilivijumlisha kuwa nukta moja kwenye mchoro, kana kwamba ni kituo kimoja. Niliipenda kazi hiyo, sifichi. Stesheni ya treni tu ndiyo niliyokataa kuijumlisha na kitu kingine, kwa sababu ya pampu yake ya maji: nukta ikikatwa umeme, vyote vilivyomo huzimika. Shefu, mkubwa wangu wa kazi, alinicheka, akaniacha.

Halafu wenyeji wakaanza kutufukuza sisi wenye asili ya mkoa wa Kasai. Mimi nilizaliwa hapohapo Kolwezi. Kasai nilikuwa naisikia tu. Kambi yetu ya wafanyakazi ikabaki tupu, na wote tukalundikana stesheni kungoja treni isiyokuja. Mama yangu akashikwa na kuhara. Nilimnywesha maji ya bomba kwa kijiko, akawa anapata nafuu.

Asubuhi moja bomba likakauka. Pampu ilikuwa kimya. Mama akaomba maji, nikamdanganya kwamba yanakuja.

Nikaenda ofisini, roho mkononi, maana vijana wenye marungu walijaa barabarani. Shefu hakunifukuza, hata kiti alinivutia. Mchoro mpya ulikuwa ukutani. Sisi tulipoondoka, wafanyakazi wa kufanya hesabu walibaki wachache, naye akaupunguza zaidi: stesheni na kambi yetu, nukta moja. Umeme ulipopungua akatafuta pa kukata, akachagua nukta ile. Alinieleza kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionipandisha hasira.

“Kambi haina na batu tena, tata,” akasema, akiniita baba. “Ni nani atakosa umeme pale?”

“Batu ba kambi beko ku stesheni,” nikamjibu. “Mama yangu eko kule.”

Akautazama mchoro, kisha akaanza kusema kwamba kuitenga stesheni ni kurudia hesabu yote. Nikamwambia mchoro auache hivyohivyo, apige simu tu waiwashe laini ya pampu. Akapiga.

Nilirudi mbio. Maji yalikuwa yamenitangulia, na wanawake walikuwa wamepanga ndoo bombani. Waliponiona wakanipisha mbele. Nikashukuru, nikajaza ndoo, nikampelekea mama. Alikuwa amefunikwa kitenge mpaka usoni. Tulimwosha kwa maji yale.