Sauti ya Kwanza kwenye Simu ya Mama

Sijaona kiumbe muongo kama kompyuta yangu. Inaandika "imekamilika" kwa utulivu wa karani aliyeshiba, nawe ukifungua simu hukuti kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mama anaimba kwaya ya kanisani kwetu Ntalikwa, sauti ya pili, tangu kabla sijazaliwa. Mwaka huu goti lilimgomea akawa hawezi kwenda mazoezini, na mwalimu wa kwaya alishatangaza kwamba asiyeijua sauti yake hatasimama mbele sikukuu ya mavuno. Kwa Mama, kukalia benchi huku wenzake wanaimba ni sawa na kuzikwa mzima. Mwalimu alimhurumia, akarekodi wimbo mpya kwa sauti zote nne, kila sauti peke yake, akaniletea kwenye flashi, pamoja na simu ya Mama, huku Kanyenye mjini ninakoishi. Mimi niziingize kwenye simu ya Mama, basi.

Nilichomeka waya, simu ikaingiza chaji tu. Nikabadilisha waya, simu ikaniuliza kama naiamini kompyuta hii. Siiamini hata kidogo, lakini nilibonyeza ndiyo. Ile programu inayojidai kulinganisha nyimbo za kompyuta na za simu ikazunguka weee, ikasema imekamilika. Kwenye simu, hola. Nikazima, nikawasha, nikafuta, nikarudia, nikaitukana kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi. Jumamosi yangu nzima ikateketea hapo. Jioni jina la wimbo likajitokeza kwenye simu, mara moja tu. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikusikiliza hata neno. Nikampa simu jirani aliyekuwa anakwenda Ntalikwa, nikalala.

Jumapili ya wiki iliyofuata nilikwenda kumwona. Nilimsikia kabla sijafika mlangoni. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa ambayo kwaya yetu huwaachia wasichana. Kila akifika mwisho wa ubeti ilimkatika, akakohoa, akaanza upya. Mezani palikuwa na kikombe cha maji ya moto na asali, dawa ya koo.

Nikamwamkia, marahaba yake ikawa ya harakaharaka, maana alikuwa na habari. Mwalimu amemhamisha. Amempa sauti ya kwanza. Nilipouliza mwalimu alisema lini, akanijibu kwamba hakusema, ila ameleta sauti hiyo peke yake, na mtu mzima haambiwi kila kitu kwa mdomo. Wanakwaya wenzake aliokuwa amekwisha kuwasimulia hawakuwa wachache, na mmoja alishaanza kununa.

Nilirudi na simu mjini, nikimdanganya kwamba nakwenda kuiongezea nafasi. Nyongo ilinipanda njia nzima. Nilipoichunguza kompyuta, nikayaona maajabu: rekodi zote nne zilikuwa na jina moja, jina la wimbo, kwa hiyo mashine ikaamua kwamba huo ni wimbo mmoja uliorudiwarudiwa. Ikachukua wa mwanzo, nyingine ikaziacha. Eti inanisaidia. Nani aliiomba? Hata mtoto aliyepelekwa kanisani kwa kuburutwa anajua kwamba sauti nne si wimbo mmoja mara nne. Nikazipa majina, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Zikaingia zote bila ubishi, jambo lililoniudhi kuliko yote yaliyotangulia.

Kesho yake nikarudi Ntalikwa. Njiani nilifikiria kunyamaza, lakini kama ningemwacha ajipange na wasichana, mwalimu angemrudisha mstari wa nyuma watu wakimtazama. Nikaketi karibu naye, nikampa simu yake, nikamweleza kwamba mwalimu hajamhamisha, ni kompyuta iliyoziruka sauti nyingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Habari za majina na rekodi hakuziuliza.

"Kwa hiyo mwalimu hajasema kitu?"

Nikamjibu kwamba hajasema kitu, Mama. Niliona aibu, na hasira zangu zote za waya na programu sikujua pa kuzipeleka. Yeye alivuta kile kikombe, akanywa maji yaliyobaki, akaifuta simu kwa ncha ya khanga kabla ya kunirudishia.

"Haya, nifungulie ya pili, ndiyo yangu," alisema. "Lakini hiyo ya kwanza usiifute."