Betri ni Mkwe na Mama Mkwe

Nakumbuka alfajiri moja, mwanangu, niliyoamka nikiwa nimeua betri mbili kwa methali moja. Niutoe upuuzi wangu kwanza, usije ukausikia kwa watu wakautia chumvi: nilipewa friji la gari nililinde, nikalikaza mpaka baridi ya mwisho, nikaliunganishia betri zote tulizokuwa nazo, kisha nikalala nikijisifu. Usicheke bado. Kichekesho kiko mbele.

Najua ninyi wa kidato cha kwanza mnanong'onezana: mzee gani huyu wa kidato cha tatu, ndevu zenyewe tatu, na moja ya kuazima? Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi, na niliyoyaona likizo ile ya Desemba yangetosha kuniotesha mvi. Kaeni chini.

Mama yangu alikuwa bibi mifugo wa serikali. Serikali ilipoanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Wenzake wakafungua vioski na mabanda ya mitumba, mtaa wetu wa Mshangano, pale Songea, ukajaa wauzaji wanaotazamana. Mama akanunua Landrova kuukuu la dizeli pamoja na friji dogo la kubebeka, kubwa kama sanduku la bweni, kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Majirani wakasema kupunguzwa kumempanda kichwani. Yeye akasema, "Mimi nimepunguzwa. Kuku wa watu hawajapunguzwa, bado wanaugua."

Akawa anazunguka vijijini kuchanja kuku dhidi ya mdondo, ugonjwa unaoingia kijijini Jumatatu, na Jumapili hakuna jogoo wa kuwaamsha watu kwenda misa. Chanjo yenyewe ni tone moja tu jichoni. Lakini ni ya kudeka: ikipata joto kidogo imekwisha, unamtia kuku maji ya bure. Kwa hiyo friji lazima likorome usiku kucha, tena huko ambako nguzo ya umeme hata ya kusingiziwa hakuna. Tulikuwa tunapiga kambi uwanjani mwa shule, Mama analala kwenye gari, mimi chini ya turubai na mbu wangu.

Sasa sikiliza jinsi mwanamke yule alivyolilisha friji lake, maana mpaka leo nikikumbuka navua kofia. Garini mlikuwa na betri mbili. Moja ya kuwashia injini, nyingine ya friji, na katikati yake swichi nyekundu. Gari likitembea anawasha swichi, injini inazijaza zote mbili. Gari likisimama anaizima, kila betri inakaa kwake, friji linakunywa kwenye ile yake tu. Hata likiikausha, ya kwanza ina nguvu za kuamsha injini asubuhi.

"Hizi ni mkwe na mama mkwe," alinifundisha. "Mchana wanasalimiana kwa heshima, wanafanya kazi pamoja. Usiku kila mtu nyumba yake. Ukiwalaza chumba kimoja, asubuhi huna mkwe wala mama mkwe."

Nilimwitikia "ndiyo, Mama," kwa ile sauti ambayo na wewe, mwanangu, unaijua.

Jioni yenyewe tulikuwa kijijini mbele ya Namtumbo. Alfajiri tungechanja pale, halafu tuvuke mto kwenda kijiji cha pili, tulale, tuchanje alfajiri ya kesho yake. Kuku huchanjwa kabla banda halijafunguliwa. Ukishafungua, chanjo inageuka mashindano ya mbio, na kuku hajawahi kushindwa. Kijiji cha pili ndicho kilichomnyima Mama usingizi. Mdondo ulikuwa umeshawafikia majirani zao, Krismasi inakaribia, na kule kuku ni kitoweo, ni ada, ni dawa, ni posa. Chanjo ikiharibika, hakuna nyingine mpaka turudi Songea.

Mimi nilikuwa na shida kubwa zaidi: sifa. Nilikuwa nimewaahidi vijana wa pale barafu za ukwaju asubuhi, na mkubwa wao, Kasto, alikuwa amenitazama juu mpaka chini akasema, "Wewe wa mjini una maneno kama redio." Nikakoroga ukwaju, nikaujaza kwenye vifuko vya nailoni, sukari nikaidokoa kidogo kwenye kopo la Mama asije akagundua. Nikavipanga juu ya boksi la chanjo. Nikazungusha kitufe hadi mwisho. Hapo nikaona betri moja haitatosha. Nikaitazama swichi. Nikakumbuka ubao uliopigiliwa juu ya mlango wa darasa letu: umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Nikawasha. Nikaona nimeishinda fizikia kwa Kiswahili.

Alfajiri nikaamshwa na ukimya. Friji halikoromi. Mama kazungusha ufunguo, gari likatoa sauti kama mtu anayekataa uji. Akazungusha tena. Tik. Basi.

Akafungua boneti, akaiona swichi. Akafungua friji, akaviona vifuko. Akanitazama mimi, na mimi nikayatazama mawingu kama mtabiri wa hali ya hewa.

"Ulimlaza mkwe wapi?"

"Mama, nilifikiri umoja..."

"Nani kakuambia ufikiri?" Akaingiza kipimajoto kwenye friji, akasubiri, akakisoma: baridi bado ipo. Hapo ndipo nilipomjua mama yangu. Nilitegemea kofi, nikawa nimeshakunja shingo. Yeye akavitoa vile vifuko vyangu, vimeganda kama mawe, akavifungia kwenye magazeti, akaizungushia chanjo pande zote kama anavyomfunika mtoto mgonjwa. Chanjo ile ilikuwa unga mkavu, baridi kali haikuidhuru. Adui yake ni joto. "Barafu hii itatuvusha mpaka jua likipanda," alisema. "Likipanda, injini iwe inanguruma. Asifungue mtu friji hili. Hasa wewe."

Halafu akachanganya chupa chache za unga ule na maji yake, akazitia kwenye thamosi ya chai pamoja na kifuko kimoja cha barafu, akaenda kuchanja. Gari limekufa, chanjo iko hatarini, naye anatembea nyumba hadi nyumba anasalimia watu, hodi hodi, shikamoo bibi, habari za kuamka, tone, kuku mwingine, tone. Mimi nilikamata kuku na kuomba ardhi ipasuke.

Alipomaliza akawaambia watu ukweli wote, tena mbele yangu: gari haliwaki, kijana wangu kamaliza betri, naomba mnisukumie mpaka kwenye mteremko wa mtoni. Baadhi yao walikuwa wametoka mashamba ya jirani na kuku wao mikononi. Bibi mmoja, Bibi Odilia, akanisogelea na majogoo wake wawili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unasoma?"

"Nasoma, bibi. Kidato cha pili, naingia cha tatu."

"Basi usiingie. Hicho cha pili kimeua betri, cha tatu kitaua gari." Akanikabidhi majogoo. "Shika, sisi tusiosoma tukasukume."

Wote wakanikabidhi. Nilisimama pale nimening'inizwa kuku kama kigingi cha sokoni, mmoja akinidonoa sikio, huku kijiji kizima kikisukuma Landrova kwa wimbo wa kulimia. Kasto alikuwa mbele kabisa, akisukuma na kuniuliza kwa sauti, "Redio! Barafu tayari?"

Uwanja uliisha, mteremko ukaanza. Mama ndani akakanyaga klachi, akatia gia ya pili, akasubiri. Watu wakapiga kelele aachie. Hakuachia. Akasubiri gari lijae mwendo, akaachia hapo tu panapostahili. Landrova likaruka, likapiga chafya ya moshi mweusi, likanguruma. Akina mama wakapiga vigelegele, na mimi ningepiga makofi kama ningekuwa na mkono usio na kuku.

Hakulizima tena hadi ng'ambo ya mto, na hata tulipofika aliliacha lingurume mpaka friji likashiba baridi na betri zikashiba moto. Alfajiri ya pili tulichanja. Mara nyingine tulipopita vijiji vile viwili, majogoo walituwikia kote, na Kasto aliniuzia kuku mwenyewe akidai ni mjukuu wa wale niliowashika.

Sasa wosia wenyewe, mwanangu, kabla kengele haijalia. Methali ni kama dawa ya zahanati, kwanza uliza ni ya ugonjwa gani. Aliyekuonyesha swichi na kukuambia kwa nini, mwitikie kwa masikio, siyo kwa mdomo. Sifa za vijana wenzako zisikufanye uguse kinachowalisha watu usiowajua. Ukishaharibu, simama pale pale ushike kuku wa watu, usikimbie. Na ukiwa na mama anayeweza kuokoa kazi yake kwa upumbavu wako mwenyewe, acha kumwigiza kwa dhihaka mbele ya wenzio. Nimeacha. Karibu nimeacha.

Mungu awakuze, awape injini zinazowaka, na pale zisipowaka awape mteremko na watu wa kusukuma. Na usiku wenu ukute kila mkwe kwake.

Mnataka kujua kama nilichapwa. Jioni ile ng'ambo ya mto, friji likikoroma, Mama alizima injini, akatoa kifuko kimoja cha ukwaju kilichobaki, akang'ata pembeni, akafyonza, akakunja uso. Kisha akaniita nisogee kwenye boneti, akaniwekea mkono juu ya ile swichi nyekundu, akasema:

"Kuanzia leo swichi utazima wewe. Na siku nyingine ukigandisha barafu, baba, tia sukari."