Moshi Uliomnyamazisha Baba Mkubwa

Siku ile ikinirudia, mjukuu wangu, inaanza na harufu. Tangu jana nakuona umelala chini ya gari yako, unakata ekzosi ili upachike lile bomba pana la kunguruma, nageuza uso. Si hasira. Ni aibu yangu mwenyewe, iko hai mpaka leo.

Mi nilikuwa kijana, nimerudi kutoka Tanzania, naishi hapa hapa Gitega, na nilimpenda msichana wa Muyinga, huyu bibi yako anayechambua maharage pale. Kwetu anayeposa hasemi. Anakaa kimya, mzee wake anamsemea. Wangu alikuwa baba mkubwa, mkulima wa Giheta. Huyo alijua kusema! Akisifu mbuzi wako, unarudi nyumbani ukidhani una ng'ombe.

Bon, mi nikataka wakwe wanisikie kabla hawajaniona. Nikainua gari yangu kwa jeki nyuma ya jiko, nikang'oa ekzosi nzima, nikaweka bomba la chuma la sokoni. Kwenye maungio halikukaa sawa. Nikafunga waya na vitambaa, nikawasha. Kuku wakatawanyika, nikacheka peke yangu. Kuchomelea, nikasema, baadaye.

Njiani vumbi tupu. Baba mkubwa alikaa nyuma na koti lake la kanisani, akafunga kioo, akawa anarudiarudia maneno yake ya posa. Mi changu nilikiacha wazi, kiwiko nje, nalisikiliza bomba langu. Tulipopita Karuzi akanyamaza.

"Mwanangu, iko moshi humu."

"Ni barabara, baba."

Nilijua si barabara.

Kwa wakwe, wazee walishakaa wanangoja. Baba mkubwa akasimama aseme, akayumba, akashika nguzo ya mlango, akatapika pale pale mbele yao.

"Yoo!" akasema mjomba wa msichana. "Hawa wa Gitega sherehe wameianzia njiani!"

Wakacheka. Na baba mkubwa hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote! Akaniangalia. Nilihitaji kusema kitu kimoja tu, kwamba ni gari yangu. Nikajiambia anayeposa haruhusiwi kusema. Nilijificha ndani ya mila, mwanangu. Yeye akafuta mdomo, akasema polepole, "Mnisamehe, ni uzee."

Bibi wa msichana, macho yake yalishafifia, akamletea maji, akainama akanusa koti lake.

"Huyu hanuki pombe. Ananuka moshi wa gari. Nani kamleta?"

Wote wakanigeukia. Ndipo nikakiri, wakati kila mtu ameshajua.

Tukaambiwa turudi siku nyingine. Siku hiyo baba mkubwa alikwenda kwa basi, akanisemea vizuri, nikapewa mke. Gari yangu hakuipanda tena mpaka anakufa. Wala hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Basi toka huko chini unisikilize. Bomba liache, au mpelekee fundi achomelee maungio mpaka moshi wote utoke nyuma, maana ule moshi unaua mtu hivi hivi akisinzia. Sisi Mungu alitusitiri. Lakini lililo kubwa kuliko bomba ni hili: ukiona mtu anabeba kosa lako mbele ya watu, fungua mdomo hapo hapo, hata kama desturi imekupa ruhusa ya kunyamaza.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu, na kila utakayempakia ashuke na pumzi yake, na heshima yake.