Wembe Ukianza Kuvuta

Juzi mume wangu alikuwa akinyoa ndevu bafuni, nami niko jikoni. Nikamwambia kwa sauti, "Badilisha wembe, huo umekwisha." Akatoka na povu shavuni, akitaka kujua nimejuaje bila kuuona. Rafiki yangu, mimi nimelelewa na sauti hiyo.

Tulikaa mtaa wa Kamwokya, miaka michache baada ya vita, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Baba alikuwa fundi cherehani aliyetoka Kenya, na kila asubuhi alinyolea uani kwa mashine yake ya chuma, mimi nimemshikia kioo. Mama alikuwa akipika katogo, ndizi na utumbo chungu kimoja, harufu yake ikichanganyika na ya sabuni. Wembe mpya ulisikika kama kitambaa cha pamba kinachochanwa taratibu. Uliochoka ulikwaruza kama ufagio kwenye changarawe. "Ukianza kuvuta, usibishane nao," Baba alisema. "Umeshakuaga." Hakuhesabu siku. Alisikiliza, kisha akapitisha kidole gumba shavuni, kinyume cha ndevu.

Ndipo Baba Mdogo akaja. Alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na tulizoea kumpokea na samaki wa kukaanga na vicheko. Safari hii alikuja bila lori, suruali ameifunga kwa kamba. Alikohoa nyuma ya pazia, na asubuhi alinyoa baada ya Baba, kwa wembe uleule.

Siku hizo redio ilipiga ngoma nzito kabla ya tangazo la siliimu, ugonjwa wa kukonda. Mama aliizima kila Baba Mdogo alipoingia. Asubuhi moja nilimsikia Mama akimnong'oneza Baba, "Baba watoto, akimaliza weka wembe mwingine."

"Nimwambie nini ndugu yangu?" Baba akajibu. "Kwamba damu yetu si moja?"

Mama hakurudia. Ila alininyang'anya kioo, akakitundika msumarini, nisisimame karibu na wembe ule. Jalalani nyuma ya nyumba, kalooli, wale ndege wakubwa wenye vipara, walisimama kimya kama watu waliowahi msibani.

Siku moja nilikuwa mlangoni nachambua mchele, nikasikia wembe ukikwaruza. Nikajua ulipaswa kutolewa jana. Kabla sijafungua mdomo, Baba Mdogo alijikata. Damu ikashuka hadi kwenye kola. Baba akamkimbilia na kitambaa, naye akarudi nyuma.

"Usiniguse, Kaka!"

Baba Mdogo akafungua mashine, akautoa wembe, akauvunja katikati, akaenda kuutupa chooni pamoja na mashine.

"Niliuweka juzi tu," Baba akasema.

"Nilijua tangu nilipofika," Baba Mdogo akamwambia, analia. "Niliogopa mngenitengea sahani yangu. Nisamehe, Kaka."

Tulimzika kabla ya mvua. Baba alinunua mashine nyingine, akawa anabadilisha wembe kila siku, hata ulio mkali. Lakini alikaa mno mbele ya kioo. Nilichelewa kuelewa kwamba hakuwa akitazama ndevu. Alikuwa akitazama mashavu yake. Mama naye aliangalia Baba amefunga mkanda tundu la ngapi. Tuliishi hivyo miaka, na Baba akikohoa mezani sote tuliacha kutafuna.

Hatimaye alikubali kupimwa. Hakuwa na ugonjwa ule. Mama alikaa chini palepale kwenye sakafu ya kliniki. Baba alisimama tu, kofia mkononi, kama mtu aliyepewa salamu za mtu mwingine.

Ua ule haupo tena, pamejengwa ghorofa. Milango mingi ya majirani ilikuwa imeshafungwa na ugonjwa ule kabla sijamaliza shule, na watoto wa nyuma yake wakachukuliwa na bibi zao, sijui wako wapi. Picha ya Baba Mdogo iliyobaki ni moja, ya miezi ile ya mwisho. Wanangu wanamjua kama mtu mwembamba mwenye macho makubwa. Yule aliyeinama kupita mlangoni na kunibeba begani hadi sokoni, nimebaki naye peke yangu.